Dawati la Malalamiko ya Mbwa katika Mtaa Wetu, Mbeya: Tathmini ya Mkazi na Mfugaji

Huduma ninayoitathmini haina jengo lake wala bango barabarani. Ni dawati moja ndani ya ofisi ya serikali ya mtaa wetu, katika upande wa jiji la Mbeya unaopanda kuelekea Mlima Loleza, ambako mtendaji wa mtaa, afisa mifugo wa kata na daktari wa mifugo mwenye kliniki binafsi wamekubaliana kufanya kazi tatu kwa pamoja: kuandikisha mbwa wote wa mtaa, kuwachanja wakiwa majumbani mwao, na kupokea malalamiko ya wakazi kuhusu mbwa na kuyafuatilia. Sitautaja mtaa kwa jina, kwa kuwa baadhi ya ninayotaka kusema ni kasoro, na watumishi wanaohusika ni wachache kiasi kwamba jina la mtaa lingetosha kuwatambulisha. Nimelitumia dawati hili nikiwa mfugaji wa mbwa wawili wa ulinzi, na nimelitumia pia nikiwa mlalamikaji.

Niseme mapema kipimo ninachotumia. Kupokea malalamiko ni kazi nyepesi, na ofisi nyingi huifanya kwa ukarimu mkubwa, mlalamikaji huandikwa, hushukuriwa na kurudi nyumbani kusubiri. Mimi naipima huduma ya namna hii kwa kile kinachofanyika getini kwa mwenye mbwa baada ya mlalamikaji kuondoka ofisini. Kwa kipimo hicho, dawati letu limefanya vizuri kuliko nilivyotarajia katika kelele na mbwa wanaozurura, limefanya vizuri sana katika kesi za kung'atwa, na bado ni dhaifu katika usiri wa mlalamikaji na katika suala la uzazi wa mbwa.

Ili msomaji aelewe kwa nini huduma hii ilihitajika, lazima aujue mtaa wenyewe. Kuna nyumba za zamani zenye viwanja vipana na uzio wa michongoma, kuna nyumba mpya za ukuta na geti la chuma lililoandikwa "Mbwa Mkali", na katikati yake kuna nyumba za kupangisha ambazo familia kadhaa zinatumia ua mmoja. Karibu kila mwenye ua ana mbwa, kwa sababu wizi wa usiku upo na mlinzi wa kulipwa si kila mtu anammudu. Mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na tatizo huanzia hapo, maana geti linapofunguliwa alfajiri ili gari litoke, au mama anayewahi mzigo wa mboga soko la Mwanjelwa apite, mbwa naye anatoka. Mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na mbili asubuhi Mbeya bado ni giza na baridi ni kali, na ndiyo saa ambayo watoto wa shule wako njiani, wamejifunika kofia za masweta, hawasikii vizuri kinachowajia kwa nyuma.

Kabla ya dawati hili kuwapo, mkazi aliyekerwa na mbwa wa jirani alikuwa na njia chache, na zote zilikuwa mbaya kwa namna yake. Angeweza kwenda kwa jirani mwenyewe na kuishia kununiana. Angeweza kwenda kwa mwenyekiti, ambaye angemwita mwenye mbwa na kumsihi, na baada ya wiki mbili hali ingerudi ilivyokuwa. Njia ya tatu haisemwi hadharani lakini kila mtu anaijua, nayo ni kipande cha nyama chenye sumu kinachorushwa juu ya ukuta usiku. Nimeona mbwa wa majirani wakifa kwa njia hiyo, na sioni haya kusema kwamba ni ukatili ambao Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haiukubali, mbali na kwamba sumu haimchagui mbwa. Kuku, paka na hata mtoto mdogo anayeokota vitu uani wanaweza kuifikia.

Kuandikisha mbwa ni bure. Afisa mifugo hupita na pikipiki yake, au mfugaji huenda ofisini mwenyewe, na katika daftari huandikwa jina la mwenye mbwa, namba ya simu, nyumba, jinsia ya mbwa, rangi yake, umri wa kukadiria, na tarehe ya chanjo ya mwisho dhidi ya kichaa cha mbwa. Jambo ninalolipenda ni kwamba daftari halikubali mbwa asiye na jina la mtu mzima mmoja anayewajibika. Hawaandiki "familia ya fulani" wala "nyumba ya wapangaji", na baadaye nitaeleza jinsi sharti hilo dogo lilivyotatua tatizo ambalo mikutano ya mtaa ilishindwa kulitatua.

Chanjo yenyewe hutolewa kwa njia mbili. Siku ya kampeni, ambayo mara nyingi hupangwa kuizunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, chanjo ni bure, lakini mfugaji huleta mbwa wake uwanjani na kupanga foleni. Nje ya kampeni, daktari wa kliniki huja nyumbani kwa shilingi 10,000 kwa mbwa mmoja, na bei hiyo inahusisha kadi na ukaguzi mfupi wa masikio, ngozi na meno. Mimi nimetumia njia ya nyumbani na naipendekeza kwa yeyote mwenye mbwa mkubwa wa ulinzi, kwa sababu foleni ya uwanjani huwakutanisha mbwa ambao hawajawahi kuonana, wameshikwa na watoto kwa kamba za katani, na mwisho wake mara nyingi ni ugomvi. Daktari alikuja na boksi la barafu, akanionyesha kipimajoto kilichokuwa ndani yake kabla hajatoa chupa, akaandika kwenye kadi namba ya toleo la chanjo pamoja na tarehe ya kurudia. Chanjo hizi hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na mtu anayekuja na chupa mfukoni mwa koti, kama nilivyowahi kuona kwingine, hapaswi kulipwa hata senti.

Baadhi ya majirani huuliza kwa nini mbwa asiyetoka nje ya ukuta achanjwe. Afisa mifugo hulijibu swali hili vizuri kwenye mikutano ya mtaa, na nitalirudia jibu lake kwa maneno yangu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na kwamba karibu maambukizi yote kwa binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo takribani 1,500 kwa mwaka. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua, lakini mzunguko wake unaweza kukatika iwapo angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa. Kwa hiyo mbwa wa nyuma ya ukuta anahesabika ndani ya asilimia hiyo, na siku ukuta utakapobomoka kwa mvua za masika, au geti litakaposahauliwa wazi, atakutana na mbwa wa nje akiwa tayari ana kinga. Ndiyo maana pia kuwapiga risasi mbwa wanaozurura, jambo ambalo halmashauri nyingi zimekuwa zikilifanya kwa miaka, hakujawahi kuumaliza ugonjwa: anauawa mbwa aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na nafasi yao inajazwa na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote.

Sasa nije kwenye malalamiko, ambayo ndiyo kiini cha huduma. Mlalamikaji hukaa mbele ya mtendaji na kuulizwa mambo ambayo mwanzoni yanachosha: ni mbwa yupi, wa geti gani, saa ngapi, alifanya nini hasa, na mara ngapi. Mtendaji hamruhusu mtu aseme tu kwamba mbwa wa fulani ni msumbufu. Anataka kujua kama mbwa anabweka akiwa ndani ya ua, anatoka nje na kuzurura, anawakimbiza watu, au ameng'ata, kwa sababu kila moja lina njia yake ya kushughulikiwa. Nilipopeleka malalamiko yangu kuhusu mbwa wa jirani wa nyuma ya nyumba yangu, niliambiwa niandike saa za kubweka kwa wiki moja. Nilikasirika kidogo, lakini niliandika, na karatasi ile ilionyesha jambo ambalo sikuwa nimelitambua: mbwa alibweka zaidi kuanzia saa tano usiku mpaka saa saba, muda ambao bodaboda zinazotoka mjini hupita, kisha tena kabla ya alfajiri.

Afisa mifugo alikwenda kwa jirani huyo na karatasi ile, bila jina langu, na kwa ruhusa ya mwenye nyumba mimi nikawa miongoni mwa majirani walioalikwa kusikiliza baadaye. Mbwa alikuwa amefungwa kwa mnyororo mfupi kando ya geti, akitazama barabara, akiwa na kupe masikioni, na alilishwa mara moja kwa siku, mchana, makombo ya ugali. Mwenye nyumba, mzee mstaafu anayeheshimika, alieleza kwamba mbwa wa ulinzi lazima akae na njaa kidogo ili awe mkali na asilale. Afisa alimwamkia kwanza, akakaa kwenye benchi alilopewa, ndipo akasema: "Mzee wangu, mbwa mwenye njaa habwekei mwizi, anabwekea njaa yake. Na mwizi akija na kipande cha nyama, huyu atakuwa wa kwanza kumpokea." Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akauliza mbwa alishwe saa ngapi.

Kilichofuata kilikuwa cha vitendo. Kibanda kilihamishiwa nyuma ya nyumba, ambako mbwa anasikia anayeruka ukuta lakini haoni kila pikipiki inayopita. Mnyororo mfupi uliondolewa na badala yake ukafungwa waya mrefu uliovutwa kati ya nguzo mbili, na mnyororo mwepesi ukateleza juu yake, ili mbwa aweze kutembea mchana bila kufika getini. Alianza kulishwa jioni. Kupe walitibiwa kwa dawa ya kuogeshea iliyopimwa kama inavyotakiwa, kwa sababu dawa ya ng'ombe isiyopimwa inaweza kumuua mbwa. Baada ya wiki mbili afisa alirudi kuangalia, na hilo la kurudi ndilo ninalolisifu kuliko yote. Mbwa bado anabweka, kwa kuwa kubweka ni kazi yake, lakini usiku wa manane sasa ni mtulivu, na ninapomsikia akibweka huwa naamka kuangalia kuna nini.

Katika kesi hii niliona wazi falsafa ya dawati, ingawa wao hawaiiti hivyo. Hawamshughulikii mbwa kama mkosaji. Wanauliza mwenye mbwa anamtunzaje, kwa maana Sheria ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumpatia chakula, maji, mahali pa kukaa, matibabu na nafasi ya kuishi bila mateso, na malalamiko mengi ya kelele yaliyofika pale yalihusiana na upungufu wa moja kati ya hayo. Majirani wawili wanaoweza kuelewana kuhusu urefu wa mnyororo wana nafasi nzuri zaidi ya kuendelea kusalimiana kuliko wawili wanaobishana kuhusu nani hana adabu.

Kesi ya mbwa wanaozurura ilikuwa ngumu zaidi, na ilihusu nyumba ya wapangaji karibu na njia ya shule. Mbwa watatu walikuwa wakitoka alfajiri na kuwafuata watoto, bila kung'ata, lakini wakiwabwekea na kuwanusa mifuko. Kila mpangaji alisema mbwa si wake. Wote waliwatupia chakula, wote walifurahia ulinzi wao, na hakuna aliyekuwa tayari kuandikwa jina. Mwenye nyumba anaishi Chunya na huja mara chache. Hapo ndipo sharti la jina moja lilipofanya kazi: mtendaji alitoa barua ya siku 14, akieleza kwamba mbwa ambaye hatakuwa na mtu wa kuwajibika atahesabiwa kuwa hana mwenyewe na ataondolewa, na nakala ya barua ikatumwa kwa mwenye nyumba kwa simu, pamoja na maelezo kwamba Kanuni ya Adhabu inamgusa mtu anayeacha kwa uzembe kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Fundi cherehani mmoja anayepanga chumba cha mbele alikubali mbwa wawili waandikwe kwa jina lake, kwa masharti kwamba wenzake wachangie chakula na chanjo. Wa tatu alichukuliwa na ndugu wa mpangaji mwingine, akapelekwa shambani Uyole. Mwenye nyumba alilipia kutengenezwa kwa geti, ambalo bawaba yake ilikuwa imevunjika kwa muda mrefu. Nilimsikia bibi mmoja anayewasindikiza wajukuu wake shuleni akimwambia mtendaji, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na najua hakusema hivyo kwa adabu tu.

Kuhusu kung'atwa, nitaeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo makosa ya kawaida huua watu. Mlangoni pa ofisi kuna karatasi yenye maandishi makubwa inayomwelekeza aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, na ndipo baadaye aje kutoa taarifa. Utaratibu huo ni sahihi, na kuuweka ukutani kumesaidia. Binti wa jirani anayeuza maandazi asubuhi aling'atwa mguuni na mbwa wa nyumba aliyokuwa akipeleka bidhaa. Mama yake alikuwa tayari ameshatafuta pilipili ya kusaga ili aitie kwenye jeraha, kama wengi wetu tulivyoona ikifanywa utotoni, lakini mpangaji mwenzake aliyekuwa ameisoma karatasi ile alimzuia na kumpeleka binti bombani. Pilipili, majivu, majimaji ya majani na vitu vingine vya kuwasha huharibu nyama iliyo wazi na havitoi kinga yoyote, huku maji na sabuni vikipunguza kwa kiasi kikubwa virusi vilivyo kwenye jeraha.

Binti aliogopa hospitali kwa sababu alikuwa amesikia habari za sindano nyingi za tumboni. Hizo ni habari za chanjo za zamani. Chanjo za sasa huchomwa begani kwa awamu chache ndani ya wiki kadhaa, na jambo muhimu ni kutokatisha awamu hizo mpaka daktari aseme. Ugonjwa huchukua kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu kabla ya kujitokeza, wakati mwingine wiki moja na wakati mwingine hata mwaka, kwa hiyo jeraha lililopona vizuri si ushahidi wa usalama. Takribani asilimia 40 ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15, na mtoto huweza kuficha jeraha kwa kuogopa kugombezwa. Mzazi amuulize kwa upole.

Wakati binti akiwa hospitali, vijana walikuwa wamekusanyika kumuua mbwa. Afisa mifugo alifika na kuwazuia, na sababu yake inafaa ijulikane na kila mtaa. Mbwa aliyeng'ata, akiwa hai na anaonekana mzima, hufungwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Akiendelea kuwa mzima mpaka mwisho wa siku hizo, daktari anajua kwamba hakuwa anaambukiza wakati alipong'ata na anaweza kuamua kuhusu chanjo zilizobaki. Akiugua au kufa, kichwa chake hupelekwa maabara ili ubongo upimwe. Ukimuua kwa mawe na kumtupa korongoni, umeitupa taarifa hiyo pamoja naye. Matibabu ya aliyeng'atwa hayasubiri siku 10, yanaanza mara moja. Mbwa huyu alikuwa na kadi ya chanjo ambayo tarehe yake haikuwa imepita, alifungwa nyumbani kwa mwenyewe, afisa akapita kumwangalia, na alibaki mzima.

Mwenye mbwa alilipa nauli na gharama zote za matibabu kwa makubaliano ya maandishi yaliyosainiwa mbele ya mtendaji. Nilipenda kwamba mama wa binti aliambiwa waziwazi kwamba makubaliano hayo hayamnyimi haki ya kwenda polisi au mahakamani akiona hakutendewa haki, kwa kuwa usuluhishi wa mtaa unaomfanya mtu ajihisi amefungwa mdomo haufai.

Kasoro ya kwanza ni usiri. Katika kesi yangu jina halikutajwa, lakini daftari la malalamiko linakaa wazi juu ya meza ambayo kila anayekuja kupiga muhuri barua yake huegemea. Najua mlalamikaji mwingine ambaye jirani yake alilisoma jina lake pale, na tangu siku hiyo watoto wa nyumba hizo mbili hawachezi pamoja. Ofisi iliombwa kutumia namba badala ya majina, ikakubali, na mpaka ninapoandika bado majina yanaandikwa. Hili ni jambo la gharama ya daftari moja la pili na kabati lenye kufuli, na kwa kutolifanya ofisi inawarudisha watu kwenye nyama yenye sumu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Dawati linachanja, linasuluhisha, linaandikisha, lakini halina lolote la kumpa mwenye mbwa jike asiyemudu kumfunga kizazi. Jike mmoja akiwa kwenye joto huvuta madume kutoka mitaa ya mbali, wanapigana usiku kucha, wanatoboa uzio, na baada ya miezi miwili kuna watoto sita au zaidi ambao wengi wao wataishia kuachwa kandokando ya soko au darajani. Sehemu kubwa ya malalamiko ya kelele na kuzurura yanayoandikwa katika daftari lile, ukiyafuatilia hadi chanzo, yanafika kwenye jike ambaye hajafungwa kizazi au dume ambaye hajahasiwa. Kliniki hufanya upasuaji huo vizuri. Mbwa wangu wote wawili walifanyiwa pale na walipona bila shida. Lakini bei ya kumfanyia jike ni mzigo kwa mtu anayelipa kodi ya chumba kimoja, na kumlaumu bila kumsaidia ni kujidanganya. Wakazi tunaweza kuchangia mfuko mdogo wa mtaa kwa kazi hii, kama tunavyochangia ulinzi shirikishi, na daktari ameshasema kwamba akiletewa majike kadhaa kwa siku moja anaweza kupunguza bei. Mtendaji analo pendekezo hilo mezani, na halijafikishwa kwenye mkutano.

Mengine ni madogo. Simu ya dawati haipokelewi baada ya saa kumi jioni wala mwisho wa wiki, ingawa mbwa hawafuati saa za ofisi. Kwa kung'atwa hilo halina madhara makubwa kwa kuwa maelekezo ni kwenda hospitali kwanza, lakini kwa mbwa mgonjwa anayetangatanga usiku akidondosha mate, mtaa unahitaji namba inayojibiwa. Karatasi ya maelekezo kwa wafugaji ni nzuri kuhusu mnyororo, maji na dawa ya minyoo, na haisemi chochote kwa watoto. Mtoto anayefuatwa na mbwa anapaswa kufundishwa kusimama wima, mikono chini, bila kumkazia mbwa macho na bila kukimbia, na akianguka ajikunje na kufunika uso na masikio. Walimu wa shule ya jirani wako tayari kumpokea afisa mifugo, na somo hilo lingemchukua asubuhi moja.

Kwa mkazi anayetaka kuitumia huduma hii, au kwa mtaa mwingine wa Nyanda za Juu Kusini unaofikiria kuanzisha ya kwake, haya ni ya kuzingatia. Dawati letu hufunguliwa Jumanne na Alhamisi asubuhi. Mfugaji anayehamia kutoka mtaa mwingine aje na kadi ya chanjo ya zamani, ambayo inakubaliwa mradi tarehe ya kurudia haijapita, na mwenye watoto wa mbwa asubiri wafikishe miezi mitatu kwa chanjo ya kichaa, ingawa chanjo ya magonjwa mengine ya watoto wa mbwa huanza mapema zaidi na daktari wa kliniki ndiye anayeipanga. Anayetaka daktari aje nyumbani apige simu siku moja kabla, amfunge mbwa kabla daktari hajafika getini, na awepo mtu ambaye mbwa anamzoea wa kumshika kichwa. Mlalamikaji wa kelele aende na saa zilizoandikwa kwenye karatasi, na aombe jina lake lisiandikwe kwenye daftari la mezani.